LEHEMU SI MOJA: Fahamu Maneno ya Kazi Kabla ya Kuziba Debe Lako



Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kambini hatutupi kitu. Debe likitoboka linazibwa. Baiskeli ikivunjika inaunganishwa. Kopo la mafuta ya mgao likiisha linageuka kibatari, kikombe au jiko. Hiyo ni akili nzuri, nayo imetusaidia tangu siku tulipofika mikono mitupu. Lakini kuna kuziba kunakotengeneza na kuna kuziba kunakoingiza ugonjwa ndani ya nyumba.

Nieleze kwa nini ninaandika habari hii. Katika kutembelea nyumba kwa nyumba nilimkuta mama mmoja akimpikia mtoto wake uji. Maji aliyachota kwenye debe lililozibwa chini kwa kitu cheupe kinachong'aa. Nikamuuliza, "Mama, debe hili limezibwa wapi?" Akajibu kwa furaha, "Nililipeleka kwa fundi akalisudira. Sasa halivuji hata tone." Nilipokwenda kwa fundi, naye ni kijana mwenzangu na si mtu mbaya, akanionyesha alichotumia: risasi aliyoyeyusha kutoka kwenye betri ya gari iliyokufa.

Fundi hakudanganya. Mama aliomba "asudire", naye akasudira. Neno lilikuwa moja lakini kila mmoja aliwaza jambo lake. Mama aliwaza maji yasivuje. Fundi aliwaza kitu cha kuyeyuka upesi. Hakuna aliyetaja kwamba ndani ya debe hilo patakaa maji ya mtoto.

Kwa hiyo leo tujifunze maneno. Ukijua majina ya kazi na ya vifaa, utajua la kumwomba fundi, na ukiwa wewe ndiwe fundi utajua la kumwuliza mteja.

KWA NINI TUNACHANGANYIKIWA

Sisi hapa tumetoka sehemu nyingi. Wenzetu wa Kongo husema kusude. Wa Burundi na Rwanda husema gusudira. Yote yametoka kwenye neno la Kifaransa souder. Waliopitia Tanzania na Kenya husema kulehemu, kuchomelea au kuweldi. Neno lehemu limetoka kwa Waarabu, na weldi kwa Waingereza.

Shida ni kwamba souder kwa watu wa kawaida ni kuunganisha chuma kwa moto kwa namna yoyote ile. Kulehemu nako ni vivyo hivyo. Maneno hayo yamefunika kazi tatu ambazo hazifanani. Tuzitenganishe.

KAZI TATU

1. Kuchomelea. Hapa vyuma viwili vyenyewe vinayeyushwa pale vinapokutana, vinachanganyika na kuganda kuwa kitu kimoja. Mara nyingi fundi huongeza chuma cha aina ile ile kutoka kwenye fimbo. Chuma cha kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za sentigredi, kwa hiyo kazi hii inataka umeme wa nguvu au gesi ya asetilini pamoja na oksijeni. Moto wa mkaa wa kawaida hautoshi.

2. Lehemu ngumu, ambayo wengine huita kulehemu kwa shaba. Hapa vyuma vinavyounganishwa haviyeyuki. Kinachoyeyuka ni metali nyingine inayotiwa katikati, kama shaba ya njano au mchanganyiko wenye fedha. Kazi hii hufanyika katika joto la zaidi ya nyuzi 450. Kwa shaba ya njano joto hufika karibu nyuzi 900, na chuma huwa chekundu kabisa. Kiungo chake ni imara sana.

3. Lehemu laini. Hapa pia vyuma haviyeyuki, ila kinachotiwa katikati huyeyuka chini ya nyuzi 450. Mara nyingi ni kati ya nyuzi 180 na 250. Ndiyo kazi ya mafundi wa redio, mafundi wa simu na mafundi wa vibatari. Kiungo chake ni dhaifu kuliko vile viwili vya kwanza, na kikirudishwa motoni kinaachia.

Ili kukumbuka, chukua mfano wa ujenzi. Kuchomelea ni kama kuunganisha udongo mbichi na udongo mbichi, ukikauka huoni mpaka. Lehemu ngumu na lehemu laini ni kama tofali na tope katikati: tofali linabaki tofali, na tope ndilo linaloshika. Tofauti ni kwamba lehemu ngumu ni saruji na lehemu laini ni udongo.

MANENO YA MSINGI

Metali ya msingi. Ni vile vipande viwili unavyotaka kuviunganisha, kama vile bomba la baiskeli au waya wa redio. Mtaani tunaita vyote "chuma", lakini shuleni tulifundishwa kwamba chuma, shaba, alumini, zinki na risasi ni metali mbalimbali. Kila moja ina tabia yake.

Lehemu. Ni ile metali inayoyeyushwa kuingia katikati. Lazima iyeyuke kabla ya metali ya msingi. Kama sivyo, utayeyusha sufuria kabla ya kuiziba.

Aloi. Ni mchanganyiko wa metali mbili au zaidi. Shaba ya njano ni aloi ya shaba nyekundu na zinki. Lehemu ya zamani ya redio ni aloi ya stani na risasi. Jambo la ajabu ni kwamba aloi inaweza kuyeyuka katika joto dogo kuliko metali zilizomo. Stani peke yake huyeyuka katika nyuzi 232 na risasi katika nyuzi 327. Lakini ukichanganya sehemu 63 za stani na sehemu 37 za risasi, mchanganyiko huyeyuka katika nyuzi 183 tu. Ndiyo maana mafundi waliupenda kwa miaka mingi.

Stani na bati. Hapa pana mtego mwingine wa maneno. Tukisema bati tunafikiri bati la kuezekea. Hilo ni chuma kilichopakwa zinki. Kopo la mafuta ya mgao ni chuma kilichopakwa stani kwa unene mdogo sana. Na stani yenyewe, metali nyeupe na laini, wengine nayo huiita bati. Ukienda dukani ukaomba "bati la kulehemu", uliza kwanza ni stani tupu au imechanganywa na risasi.

Risasi. Ni metali nzito, laini, ya rangi ya kijivu. Ndiyo iliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Hupatikana kwenye betri za magari na kwenye vizito vya nyavu za wavuvi. Ukiikata inang'aa, kisha baada ya muda mfupi inafifia. Ukiikwaruza juu ya karatasi inaacha mstari wa kijivu kama penseli. Ukiigusa, nawa mikono kwa sabuni.

Oksidi. Ni ngozi nyembamba inayoota juu ya metali inapokutana na hewa. Kutu ya chuma ni oksidi ambayo sote tunaijua. Shaba ikipashwa moto huota ngozi nyeusi. Lehemu haishiki juu ya ngozi hiyo, kama vile rangi isivyoshika juu ya ukuta wenye vumbi.

Dawa ya kulehemu. Ni kitu kinachopakwa ili kuondoa oksidi na kuizuia isiote tena wakati wa moto. Kwa redio hutumika rozini, yaani utomvu wa msonobari uliokauka. Kwa mabati na makopo mafundi hutumia maji ya kloridi ya zinki. Kwa lehemu ngumu ya shaba ya njano hutumika boraksi. Kila dawa na kazi yake. Ukitia dawa ya makopo kwenye redio, italia leo, na baada ya miezi waya zitakuwa zimeliwa.

Kulowesha. Lehemu iliyoyeyuka inapotandaa juu ya chuma kama maji juu ya sahani safi, tunasema imelowesha. Ikijikunja kuwa matone ya duara yanayobiringika, haikulowesha. Sababu ni uchafu, au dawa haitoshi, au chuma bado ni baridi.

Kuvutwa na upenyo. Umeona jinsi utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa kwenda juu bila mtu kuyasukuma? Lehemu iliyoyeyuka nayo huvutwa hivyo hivyo kuingia kwenye nafasi nyembamba kati ya vyuma viwili. Kwa lehemu ngumu nafasi nzuri ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari. Nafasi ikiwa pana kama ukucha, lehemu haivutwi, inaanguka chini.

Kupaka kwanza. Ni kutia safu nyembamba ya lehemu juu ya kila kipande peke yake kabla ya kuviweka pamoja. Kwa waya na makopo hii ni nusu ya kazi.

Kiungo cha kupandiana na kiungo cha kukutana. Kipande kikilala juu ya kingine ni kupandiana. Ncha ikigusa ncha ni kukutana. Lehemu hupenda kupandiana, kwa sababu nguvu yake inatokana na eneo kubwa la kushikana.

Kiungo baridi. Ni kiungo kilichoonekana kushika lakini ndani hakikushika, kwa kuwa chuma hakikupata moto wa kutosha au kilitikiswa kabla ya lehemu kuganda. Kwa macho huonekana kimekwaruza au kimevimba kama tone. Redio inayolia ukiipiga kofi na kunyamaza ukiiacha, mara nyingi ina ugonjwa huu.

JOTO LA METALI TUNAZOKUTANA NAZO

Hizi ni nyuzi za sentigredi ambapo kila metali huyeyuka:

Stani: 232
Risasi: 327
Zinki: 419
Alumini: 660
Shaba ya njano: karibu 900, kwa kutegemea mchanganyiko
Fedha: 962
Shaba nyekundu: 1,085
Chuma: 1,538

Hatuna vipimajoto, lakini macho yanasaidia. Chuma kikianza kuonekana chekundu gizani kimefika kati ya nyuzi 500 na 600. Kikiwa chekundu cha kung'aa kimepita 750. Kikielekea rangi ya chungwa kimekaribia 900 au zaidi. Boraksi nayo ni kipimo. Kwanza inatoa povu, kisha ikifika karibu nyuzi 740 inatulia na kuwa kama kioo cha majimaji. Ukiona hivyo jua moto unaelekea pazuri, ongeza kidogo kisha ugusishe fimbo ya shaba.

KITU GANI KWA KAZI GANI

Fremu ya baiskeli. Fremu nyingi za chuma za mtindo wa zamani ziliunganishwa kiwandani kwa lehemu ngumu, bomba likiwa limeingia ndani ya kikombe cha kiungo. Zikivunjika hapo, lehemu ngumu ndiyo tiba yake. Bomba ni jembamba, na umeme wa kuchomelea mikononi mwa asiye mzoefu hulitoboa. Lehemu laini usiikubali kabisa. Itashika mpaka utakapopakia gunia la mahindi, kisha utaanguka mteremkoni.

Redio, simu na taa za sola. Tumia lehemu laini yenye rozini ndani yake. Hakikisha betri imetolewa kabla ya kuanza.

Kibatari na kopo la kumwagilia bustani. Lehemu laini inatosha. Kwa kibatari kumbuka kwamba lehemu iliyo karibu sana na mwali inaweza kuachia, kwa hiyo utambi ukae juu ya mshono.

Sufuria ya alumini. Wengi mmejaribu na kushindwa, si kwa sababu hamjui kazi. Alumini huota oksidi mara tu unapoikwaruza, na oksidi hiyo haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 2,000, wakati alumini yenyewe imekwisha kuyeyuka katika 660. Dawa ya kawaida haiiondoi. Sufuria iliyotoboka izibwe kwa ribiti ya alumini iliyogongwa vizuri pande zote mbili.

Ndoo au debe la maji ya kunywa. Hapa ndipo tulipoanzia, na hapa ndipo penye hatari.

HATARI YA KWANZA: RISASI NDANI YA CHOMBO CHA CHAKULA

Risasi ni sumu. Haina harufu, na ndani ya maji au uji huisikii kwa ulimi. Hutoka kwenye mshono kidogo kidogo, na hutoka zaidi maji yanapolala humo, yanapokuwa ya moto, au chombo kinapowekwa vitu vichachu kama nyanya, ndimu, ukwaju na uji uliochachuliwa. Kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha huua vijidudu, na risasi si kijidudu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huumia kuliko mtu mzima, kwa sababu tumbo lake hunyonya sehemu kubwa zaidi ya risasi aliyomeza, mara nne hadi tano ya mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua. Mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa mama mjamzito sumu humfikia mtoto tumboni.

Nchi nyingine zilijifunza kwa gharama. Marekani ilipiga marufuku lehemu ya risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na kwenye makopo ya chakula mwaka 1995. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakivunja betri za magari na kupepeta udongo wake ili kupata risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Karibu nasi zaidi, wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliishi miaka kadhaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, kilichofungwa mwaka 2014, na watoto wao walipopimwa damu ilikutwa na risasi. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe fidia.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Chombo cha maji ya kunywa, cha kupikia, cha uji au cha maziwa kisizibwe kwa risasi wala kwa lehemu yenye risasi. Lehemu ya redio ya kawaida nayo mara nyingi ina risasi.

2. Mshono wa debe uwe wa kukunja: kingo mbili zikunjwe, zishikane kama vidole, zigongwe. Palipotoboka pagongwe ribiti. Kama ni lazima kulehemu, fundi atumie stani isiyo na risasi. Inauzwa, ila ni ghali zaidi na hutaka moto zaidi kidogo.

3. Kama hujui debe lako lilizibwa kwa nini, lisiwekwe cha kunywa. Libebee mchanga au kokoto.

4. Betri ya gari isivunjwe wala kuyeyushwa nyumbani, hasa jikoni. Maji yake ni tindikali kali, moshi wake ni sumu, na vumbi lake hubaki sakafuni ambako mtoto anatambaa.

HATARI YA PILI: MOSHI MWEUPE

Bati la paa na ndoo za mabati zimepakwa zinki. Shaba ya njano nayo ina zinki ndani. Zinki huchemka katika nyuzi 907 na kutoa moshi mweupe mzito. Fundi akiuvuta, hasikii kitu mchana ule. Usiku, baada ya saa nne hadi kumi, anaanza kutetemeka, homa inapanda, kichwa na viungo vinauma, kifua kinabana, na kinywani ana ladha ya chuma. Anasema ni malaria.

Mara nyingi homa hiyo huisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Hata hivyo nenda kituo cha afya upimwe, kwa kuwa malaria ipo na inaua. Ila mwambie mganga, "Jana nilikuwa nachomelea mabati." Neno hilo moja litamsaidia sana. Wengine hunywa maziwa wakidhani yanaosha moshi. Maziwa ni chakula kizuri lakini hayazuii moshi. Kinachozuia ni kufanya kazi nje, upepo ukikupiga ubavuni, na kuikwangua zinki kwa tupa kabla ya kuwasha moto.

Pia kuna fimbo za lehemu ya fedha zenye kadimiamu. Moshi wake ni mbaya kuliko wa zinki na unaweza kuua mapafu kwa siku chache. Fimbo isiyo na maandishi wala asili inayojulikana, iache.

HATARI YA TATU: PIPA LILILOFUNGWA

Pipa, tangi la pikipiki au dumu la chuma lililokuwa na petroli au mafuta ya taa lisiguswe na moto, hata kama ni tupu na limekauka. Mvuke uliobaki ndani hulipuka. Hata chombo kilichokuwa na maji, kikifungwa pande zote na kupashwa moto, hupasuka. Kazi ya matangi ipelekwe kwa fundi aliyefundishwa.

HATUA ZA KULEHEMU KWA LEHEMU LAINI

1. Mwulize mwenye chombo kitatiwa nini.
2. Osha mafuta na masizi kwa sabuni, kausha.
3. Kwaruza kwa msasa au tupa mpaka metali ing'ae.
4. Paka dawa inayofaa.
5. Pasha moto kichwa cha shaba cha chuma cha kulehemu, kipake lehemu kidogo.
6. Paka lehemu kila kipande peke yake.
7. Viweke vipande vipandiane, vibane visitikisike.
8. Pasha moto metali, kisha gusisha lehemu kwenye metali, si kwenye moto. Metali ndiyo iyeyushe lehemu. Mwenye kuyeyusha lehemu kwa moto na kuidondosha juu ya chuma baridi anatengeneza kiungo baridi.
9. Ondoa moto, usiguse mpaka igande. Usiimwagie maji.
10. Osha mabaki ya dawa, kwa maana yanakula chuma. Nawa mikono kabla ya kula, kuvuta sigara au kubeba mtoto.

MASWALI MNAYOULIZA

Swali: Nimeungua na lehemu. Nipake nini?
Jibu: Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi mfululizo kwa dakika zisizopungua 20, na mtu mwingine akupeleke.

Swali: Mtoto wangu ametumia chombo cha risasi. Nitajuaje kama ameumia?
Jibu: Dalili ni kuumwa tumbo, kufunga choo, kupungukiwa damu, hasira na uchovu, na kwa sumu nyingi degedege. Lakini watoto wengi hawaonyeshi dalili. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachothibitisha. Acha kutumia chombo leo hii, mpeleke kituo cha afya, ueleze jambo lenyewe bila aibu. Mpe chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama maharage, dagaa na mboga za majani, kwa sababu tumbo lenye chakula hicho hunyonya risasi kidogo.

Swali: Nikitaka kuchanganya tindikali na maji, kipi kitangulie?
Jibu: Maji yatangulie. Tia tindikali ndani ya maji polepole. Ukitia maji ndani ya tindikali, itaruka usoni.

Swali: Mimi ni fundi na risasi ya betri ndiyo niliyonayo. Nitakula nini?
Jibu: Swali hili ni la haki. Hatusemi ufunge kazi. Mikunjo na ribiti hazitaki risasi, na debe lililokunjwa vizuri lina soko. Ukipata stani isiyo na risasi, mweleze mteja kwa nini bei imepanda. Akijua ni kwa ajili ya mtoto wake, wengi watalipa, na asiyeweza utamgongea ribiti.

NENO LA MWISHO

Yule mama niliyemtaja alimpeleka mtoto wake kituo cha afya, na debe lake sasa linabeba kokoto za ujenzi wa choo. Na yule fundi, ukienda kwake leo na chombo chochote, kabla hajashika nyundo anauliza, "Mama, utatia nini ndani yake?" Swali hilo halimgharimu kitu.

Nawe msomaji, ukipeleka kitu kwa fundi usiseme "nisudirie" ukaondoka. Sema ni kazi gani unataka, sema chombo ni cha nini, na uliza lehemu yake imetengenezwa kwa nini. Usiyemwona hajui kusoma, msomee habari hii. Fundi asiyefika kwenye ubao wa matangazo, mpelekee.

Kinga ni bora kuliko tiba.